Tezi ya Minza na Wivu Wangu

Kamwene, wanangu wauguzi. Niseme mapema, kabla hamjakaa vizuri: nawaonea wivu. Si kwa ujana wenu, maana wangu niliutumia ukaisha. Wivu wenyewe ni huu. Leo mama akija kliniki na mtoto mgongoni, analia na hajui analilia nini, ninyi mna maswali ya kumwuliza na daktari wa kumpigia simu. Damu yake inaweza kupelekwa kupimwa homoni za tezi, na majibu yakarudi angali anakumbuka alichokuja kutibiwa. Sisi tulikuwa na uji. Mama akilia, uji wa ulezi. Akikosa usingizi, uji. Akilala kupita kiasi, uji mzito zaidi.

Naitwa Fides. Nimestaafu, nipo kwetu Idodi, na magari ya watalii yanayokwenda mbugani yananipulizia vumbi kwenye mboga zangu. Kazi niliifanya Mbeya, kliniki ya mama na mtoto, mpaka nikawapima watoto wa watoto niliowapima.

Nilijifunzia Iringa, chini ya matroni mmoja aliyeitwa Agatha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Siku moja nilimaliza kupima watoto mapema nikajiona hodari. Akaniuliza, "Watoto wanaendeleaje?" Nikamweleza mmoja mmoja. "Na mama zao?" Nikasema mama zao ndio waliowaleta. Akanitoa nje nikawafuate barabarani na kuwauliza wamelalaje, wamekula nini, nani anawasaidia kuteka maji. Nilirudi nimelowa jasho. Agatha akanifundisha jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote. Unapopokea mtoto, usimpokee kama kifurushi. Upitishe mkono wako chini ya mkono wa mama, ukae hapo kidogo. Mkono utakuambia kama una joto au baridi, kama unatetemeka, kama umekauka. Mama mwenyewe atadhani unamhofia mtoto asianguke.

Agatha huyohuyo alikuwa na unyenyekevu wa ajabu. Wodini palikuwa na mama aliyejifungua akawa hasemi, anatazama ukuta, shemeji zake wakasema kapandwa na mapepo. Sisi wanafunzi tukaanza kucheka pembeni. Agatha akatuita, "Msicheke. Huyu hatujui ana nini. Kutokujua ni kwetu, si kwake." Miaka ile milimani kwetu wanawake wenye rovu, uvimbe ule wa shingoni, walikuwa wengi kabla chumvi ya madini joto haijafika kila duka. Tulijua tezi ya shingo inavimba. Kwamba tezi hiyohiyo inaweza kuharibika shingo ikiwa nyembamba kama ya twiga, na kumwangusha mzazi moyoni, hilo mimi nilikuja kufundishwa na Minza.

Minza alikuwa mke mwenzangu.

Najua mmeinua vichwa. Mume wangu, Baba Eda, alikuwa dereva wa malori. Alikuwa akipakia mpunga Madibira, na huko akampata binti wa Kisukuma, wa familia iliyohamia Usangu na ng'ombe zao wakaishia kulima mpunga. Akampangia nyumba Ilomba, akaja kuniambia nikiwa nachambua mchicha: "Mama Eda, nina mtu." Hivyo tu. Nilikwenda Madibira mwenyewe kumwuliza mama yake kama alizaa binti au alitega mtego. Yule mama alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia, akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Nikayakataa, nikaondoka na kiu yangu.

Baadaye Minza akazaa mtoto wa kiume. Mimi Mungu alinipa mabinti. Na Ilomba, wanangu, iko ndani ya eneo la kliniki yetu.

Alipokuja mara ya kwanza kwa chanjo, alinijua na nilimjua. Mwenzangu wa zamu, Atupele, Mnyakyusa wa Tukuyu mwenye huruma mpaka inakera, akaninong'oneza, "Dada Fides, huyu niachie mimi." Nikamwambia simwachii. Nilitaka kumwona. Nilimpokea mtoto nikapitisha mkono wangu chini ya mkono wa Minza, na macho yangu yakatembea kwake kama ya mtu anayekagua shamba alilonyang'anywa. Nywele nyingi zimesukwa zikashika kichwa kama kilemba. Ngozi laini. Mtoto Joshua alivuta mizani chini kama debe la mahindi, na ana masikio ya Baba Eda. Nilimwambia mama yake kwamba mtoto anaendelea vizuri, na ule ulikuwa ukweli ulionitoka kwa shida kuliko yote niliyosema mwaka ule.

Alirudi, na tena akarudi. Joshua alipokaribia miezi minne, Minza alikuwa amekonda. Kiganja kimelowa jasho asubuhi ya baridi, vidole vinatetemeka, na mshipa wa shingoni unadunda hadi kanga inacheza. Nilipomlaza mtoto akanifokea mbele ya watu, "Mbona unamshika hivyo!" Atupele alisema labda halali, mtoto wa kwanza. Mimi nilisema moyoni, dhamiri inamsuta. Nilirudi nyumbani nikapika wali kwa furaha. Kumbe hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa unapiga hodi, na mimi naupikia wali.

Halafu mambo yakageuka. Alianza kuja amechelewa, anatembea kama aliyebeba maji kichwani. Uso umevimba asubuhi, hasa kope. Ule mkono uliokuwa na jasho sasa ni baridi na mkavu kama ganda la hindi. Nywele zimepungua mbele, nyusi zimeishia katikati. Sauti imekuwa nzito, neno linachukua muda kufika. Alivaa sweta juu ya sweta, lakini Mbeya mwezi wa sita nani havai sweta? Majirani zake walikuwa wakinipasha habari bila kuombwa. Eti amenenepa kwa kukaa bure. Eti analala mchana mtoto akilia. Eti Baba Eda akirudi safari anakuta vyombo vya juzi. Mmoja akaniambia akicheka, "Amebweteka, Mama Eda. Mungu amekulipia."

Nilicheka naye. Lakini usingizi haukuja vizuri, maana mikono yangu ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Mtu akibweteka, mkono wake haukauki vile. Na mvivu sauti haimbadiliki.

Siku ya chanjo ya surua ndiyo siku niliyoiogopa kuliko zote kazini. Nilikwisha kumchoma Joshua, analia, namrudisha kwa mama yake. Minza hakunyoosha mikono. Akaniangalia kwa macho yaliyochoka, akasema polepole:

"Dada, mtoto huyu ukipewa, utamlea?"

Niwaambie kilichonitokea. Jibu lilifika mdomoni kabla ya akili. Nitamlea. Mtoto wa kiume, mwenye masikio yale, mgongoni kwangu. Niliona hata mahali nitakapokiweka kitanda chake. Nilimtamani Joshua kiasi kwamba mikono yangu ilimkaza akanyamaza kulia.

Kisha nikasikia nilichoulizwa. Mama hagawi mtoto kwenye foleni ya chanjo. Anayeuliza hivyo ameanza kuaga.

"Minza," nikasema, "unawaza kufa?"

Machozi yakamtoka bila uso kubadilika. "Sitaki kujiua, dada. Nataka tu kulala, nisiamke. Wote watapumzika. Hata wewe."

Wanangu, neno hilo mliulize wazi, kwa jina lake. Kumwuliza mtu kama anawaza kufa hakumpi wazo. Kunampa mahali pa kulitua. Nilimwita Atupele akae naye asimwache hata akienda chooni, nikaenda kwa daktari wetu na Joshua nimembeba. Daktari alikuwa kijana mpole, hakuwa mtu wa haraka. Nikamweleza yote kuanzia ule mwezi wa kutetemeka: jasho, kukonda, hasira, halafu baridi, uvimbe, nywele, sauti, machozi. Akauliza, "Umeyaonaje yote haya? Mama mmoja kati ya mamia?"

"Ni mke mwenzangu," nikasema.

Akamwita Minza ndani. Baadaye alitukalisha mimi na Atupele akatueleza, na maelezo yale nayatoa leo kama nilivyoyapokea. Hii tezi ya mbele ya shingo ndiyo inayouamuru mwili uende kasi gani. Wakati wa mimba kinga ya mama hutulia ili isimsumbue mtoto. Baada ya kuzaa inarudi kwa nguvu, na kwa baadhi ya akina mama inaishambulia tezi. Kwanza tezi inamwaga homoni zake ovyo: moyo unakimbia, jasho, kukonda, wasiwasi. Halafu zinapungua: baridi, uzito, usingizi, huzuni. "Inaweza kuwa sonona ya uzazi," akasema. "Inaweza kuwa tezi. Inaweza kuwa vyote viwili kwa mtu mmoja. Sonona tutaanza kuishughulikia leo, hatusubiri. Damu tutaipeleka hospitali kubwa." Akatuonya pia kwamba kina mama wengi wenye sonona tezi zao ni nzima, kwa hiyo tusije tukamlilia kila anayelia tukidai ni shingo.

Damu ikaenda. Kabla majibu hayajarudi, Minza akaondoka.

Baba Eda alikuwa safarini upande wa Zambia, na mama mkwe, ambaye ni mkwe wangu pia, alikuwa amempigia simu mama yake Minza aje amchukue binti yake Madibira, kwa sababu anarogwa. Nani anamroga? Mke mkubwa. Tena nesi, anamchoma sindano mtoto kila mwezi, kuna uchawi gani mwepesi kuliko huo?

Majibu yalirudi: homoni ziko chini sana. Daktari akaandika vidonge, simu ya Minza haipatikani, na namba ya mama yake mama mkwe akaninyima. Atupele akasema yeye hapajui Madibira. Halafu akanigeukia na ile sura yake ya huruma. "Wewe kwao unapajua, dada. Si ulikwenda kugombana?"

Hivyo ndivyo nilivyotumwa na ugomvi wangu mwenyewe. Nilishuka Rujewa nikadandia gari dogo la abiria, na kadiri tulivyoingia mashamba ya mpunga, ndivyo joto lilivyozidi na ndivyo nilivyozidi kujiuliza nimelogwa na nani mimi, kumpelekea dawa mwanamke anayelala na mume wangu.

Nilimkuta mama yake akipepeta. Minza alikuwa kivulini, kwenye mkeka, juani watu wamevua mashati, yeye amevaa sweta na kujifunika kitenge. Ana hirizi shingoni. Joshua alikuwa akitambaa karibu na kuku.

Mama yake hakusimama. "Wewe ndiyo nesi mwenyewe. Umekuja kuangalia kazi yako imefikia wapi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Nimeleta majibu ya damu ya Minza, na dawa aliyoandikiwa na daktari. Mwanao anaumwa tezi ya shingo. Ndiyo inayomtia baridi na huzuni."

"Kwa nini umekuja wewe? Hawana nesi mwingine Mbeya?"

"Ningependa aje mwingine, mama. Hakupatikana anayepajua hapa."

Akaweka ungo chini. "Maziwa yangu uliyakataa. Mimi nilikuwa sina ugomvi na wewe, ukakataa. Leo unataka mwanangu ameze dawa yako?"

Nikamsikia Minza akisema kitu kwa Kisukuma, polepole, ile sauti nzito. Mama yake akamjibu kwa ukali, kisha akanigeukia.

"Meza wewe kwanza."

Sasa, wanangu, msiniige. Dawa ya mgonjwa haionjwi na nesi, na mkiulizwa mseme Bibi Fides alikataza. Lakini nilijua kidonge kimoja hakitanidhuru, na nilijua nikikataa nitarudi Mbeya na pakiti imejaa. Nikaomba maji. Nikafungua mbele yake, nikameza kimoja, nikafungua kinywa aone. Akanitazama kwa muda mrefu kama anayesubiri nianguke. Kuku walipita. Joshua akanishika sketi akasimama, mara yake ya kwanza kusimama nadhani, maana bibi yake alipiga kigelegele kidogo kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

"Haya," akasema. "Mpe."

Minza akameza. Nikawaeleza: kila asubuhi kabla ya chai, kwa maji, bila kuruka. Msitegemee muujiza kesho, itachukua majuma. Hirizi sikuigusa, nikasema haizuii dawa, ila asiachwe peke yake hata kidogo, na arudi kliniki kwa mazungumzo na kupimwa tena. Mama yake akaniletea maziwa. Nikayanywa yote. Yalikuwa yamechacha vizuri sana, na hilo nalo liliniuma, maana kumbe nilinyimwa na kiburi kitu kitamu.

Majuma ya mwanzo hakuna kilichobadilika, na mama mkwe akatangaza kwamba yeye alishasema ni uchawi. Kisha siku moja nikapigiwa simu kutoka Madibira. Yule mama hakusalimia. "Amevua sweta," akasema, akakata.

Sasa ngoja niwaambie sehemu ambayo hamtaisikia kwenye semina. Mgonjwa wako akipona unafurahi. Wangu alipopona, nilifurahi asubuhi na mchana nikaumia. Minza alirudi Mbeya, uvimbe wa uso umeshuka, macho yamefunguka, anazungumza na mtoto wake, na nywele, Bwana wangu, zimerudi zote. Nilikuwa nimezifuata nywele zile mpaka Usangu nikamrudishia kichwani. Baba Eda alinipigia simu kwa sauti ya heshima. "Mama Eda, ahsante kwa kumtibu mke wangu." Mke wangu. Mimi niliyevaa pete yake kanisani, ananishukuru kama mtu wa baki aliyemwonyesha njia. Nilimwambia karibu, nikakata, nikaenda kupalilia bustani mpaka jembe likapata moto.

Dawa alipunguziwa taratibu, kila mara akipimwa, na baadaye daktari akasema tezi imejirudi, haina haja ya vidonge. Si wote wanaobahatika hivyo, wengine humeza maisha yao yote. Akamwonya kwamba akizaa tena inaweza kurudia, kwa hiyo apimwe mapema.

Naye akabeba mimba tena. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu. Joshua anakimbia kliniki nzima akiniita mama mkubwa, na kila akiniita naona raha na naona uchungu, sijui kipi kinatangulia. Siku hiyo benchi la Atupele lilikuwa wazi kabisa na langu lina foleni. Minza akaja akakaa kwenye foleni yangu.

Zamu yake ilipofika nikamwambia, "Nenda kwa Atupele. Yeye ana huruma."

Hakuinuka. Akaweka mkoba wake sakafuni kama mtu aliyefika.

"Dada, mwaka ule kila mtu alinihurumia," akasema. "Atupele alinihurumia, majirani walinihurumia, Baba Eda alinihurumia. Hakuna aliyeona nyusi zangu zimekatika. Wewe ndiye uliyenikodolea macho, na nilijua kwa nini unanikodolea. Mimi nikikuona naogopa mpaka leo." Akaivuta kanga, akaiachia shingo yake wazi. "Sitaki wa kunihurumia. Niangalie wewe."

Alikuwa amependeza, mtoto wa watu. Shingo ndefu, ngozi inang'aa kwa mimba. Iliniuma ilipozoea kuniuma. Nikavaa miwani, nikasogeza kiti, nikamwekea vidole vyangu viwili shingoni, chini ya koromeo, pale tezi inapopanda mtu akimeza.

"Meza mate," nikamwambia.